Kimya cha Heshima, Mtoni

Chipu yetu ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na watu wakiiona mara ya kwanza hunitazama kama mtu aliyetapeliwa mjini. Niliuza vipuri vya simu kwa miaka mingi kabla ya kazi hii, nimeshazoea macho ya namna hiyo.

Inakaa ndani ya mita ya umeme. Kazi yake ni kupeleka taarifa za matumizi kupitia waya uleule unaoleta umeme: hakuna laini ya simu, hakuna antena, hakuna mtu wa kupita nyumba kwa nyumba na tochi. Tunaichora Chang'ombe, juu ya ghala la kreti za soda. Inatengenezwa kiwandani ng'ambo, halafu inarudi kwetu kupimwa. Aliyeibuni ni mhandisi wetu, dada mmoja anayelala na kuamka nayo. Mie ni mtu wa manunuzi, yaani mtu wa kubishana. Mzigo ukifika nauhesabu, kisha nauhesabu tena, maana hesabu ya kwanza ni ya kusalimiana tu.

Kampuni moja inayounganisha mita ilikuwa inatafuta chipu ya kuweka kwenye mita zake mpya. Tulibaki wawili: sie, na wenzetu wa nje wenye jina kubwa. Tukikosa oda ile tunafunga mlango. Hilo halikuwa siri. Mwenye jengo alishaanza kuwaonyesha watu ofisi yetu sie wenyewe tukiwa ndani.

Mtaalamu wa kampuni ile ya mita alikuja kutuona. Shati limenyooshwa hadi linatisha.

"Shida siyo chipu yenu," alisema. "Shida ni nyaya zenu. Uswahilini umeme ni mchafu. Chaja za bei poa, mashine za kuchomelea, mafriji ya mitumba, vyote vinapiga kelele kwenye waya. Chipu ya wenzenu imepimwa mahali penye utaratibu."

"Na hizo mita mnakwenda kuzifunga wapi, bosi? Penye utaratibu au uswahilini?"

"Uswahilini."

"Basi njoo Mtoni."

Mtoni, mtaa wa uswahilini huko Temeke, tulikuwa na nyumba ya majaribio. Vyumba sita vya ndani, vinne vya uani, na fremu mbili za biashara mbele: moja ya kinyozi, moja ya fundi wa kuchomelea. Kila chumba na kila fremu tuliweka mita yenye chipu yetu, kumi na mbili jumla. Mwenye nyumba ni mama mmoja wa kusini, mtu wa maneno machache na sauti inayovuka ukuta. Siku moja kabla ya mgeni, mhandisi alipita kuwapa taarifa. Mama akauliza kinachoisumbua hiyo chipu ni nini. Mhandisi, kwa unyoofu wake, akamweleza: chipu inaongea kwa kunong'ona ndani ya waya, na vyombo vya umeme vinaipigia kelele.

Tukafika na mgeni saa tano asubuhi. Mtoni ilikuwa kimya. Nikadhani kuna msiba.

Tukakaa barazani. Mhandisi akafungua kompyuta, na kwenye skrini mita zote kumi na mbili zikaitika, taa za kijani tupu. Nikazihesabu kutoka juu, nikazihesabu kutoka chini. Kumi na mbili, kumi na mbili. Mtaalamu akasogeza kiti.

"Kusema kweli sikutegemea," akasema. "Hapa hata sina la kuuliza. Ripoti naiandika leo, kesho tunasaini."

Mhandisi alinishika mkono chini ya meza hadi vidole vikauma. Mie sikufurahi. Muuzaji akikushushia bei kabla hujafungua mdomo, unaikagua bidhaa. Nikasema naenda maliwatoni, nikazunguka uani.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na wapangaji wake. Fundi yupo, miwani ya kuchomelea kichwani. Kinyozi yupo, na mteja wake yupo, kanyolewa upande mmoja.

"Shikamoo mama. Mbona mmejikusanya huku?"

"Marahaba, mwanangu. Si mna mgeni? Nimewazimisha wote. Friji, spika, chaja, hadi pasi. Mgeni kaja kusikiliza, nyie mpige nyundo? Watu watasema tumelelewa wapi?"

"Na barafu za kuuza?"

"Zinayeyuka. Mbona unazililia, zako?"

"Braza, mwambie huyo bosi aharakishe," mteja wa kinyozi akasema. "Nina harusi."

Watu walikuwa wameacha riziki zao kwa ajili yetu. Ningeweza kurudi barazani, nikanyamaza, na kesho tukasaini. Halafu mita zingefungwa Temeke nzima, kwenye nyumba ambazo hakuna mama wa kuwazimisha watu, zingekuwa bubu, na yule bwana angesema: si niliwaambia, nyaya zao. Hapana. Sikumleta aje kuitazama Mtoni iliyolazwa.

"Mama, umetuheshimu sana, asante. Sasa naomba mtuvunjie heshima. Washeni vyote."

"Mwanangu, una akili zako?"

"Nusu. Washeni."

Akanitazama, akageukia wapangaji. "Haya, mmemsikia. Asije akasema baadaye ni sisi."

Muziki wa singeli ulitangulia. Kisha friji likakoroma, kisha fundi akaanza kuchomelea geti na cheche zikaruka hadi barazani. Niliporudi, taa nne zilikuwa nyekundu na mhandisi ananitazama kama nimemuuza.

"Kumetokea nini?" mtaalamu akapaza sauti.

"Mtaa umewashwa, bosi. Ulikuwa umezimwa kwa heshima yako."

Tukasubiri. Chipu yetu, ikishindwa njia moja, huomba mita ya jirani iipitishie ujumbe. Taa moja ikarudi kijani. Ya pili. Ya tatu ikasitasita, ikarudi. Ya nne, mita ya fundi mwenyewe, ikagoma. Akipumzika inaitika, akichomelea inanyamaza.

"Kumi na moja," akasema mtaalamu.

"Nimehesabu pia. Mara mbili."

"Mngekaa kimya ningesaini."

"Najua."

"Sasa siwezi."

"Hilo nalo najua. Ila na wale wa nje huwasainii mpaka yao ije hapa. Nyumba hii, waya huu, fundi huyu, mashine inawaka."

"Hiyo haipo kwenye utaratibu wetu."

"Ndo uiweke. Au ripoti yako itasema chipu ya kufungwa uswahilini ilishinda bila kufika uswahilini?"

Tulibishana hadi kinyozi akammaliza bwana harusi. Mwishowe mtaalamu akaandika: uamuzi usubiri hadi chipu zote mbili zipimwe nyumba hii, vyombo vyote vikiwa vimewashwa. Nikamwomba anisomee. Nikamwomba anisomee tena.

Alipoondoka, mhandisi alikuwa bado amekaa palepale.

"Tulikuwa tumeshapata, kaka. Tumeshapata!"

"Tulipata kimya. Kimya nani atakinunua?"

"Na hao wakija, zao zote zikaitika?"

"Basi watakuwa wametushinda Mtoni. Siyo kwenye makaratasi."

Alifunga kompyuta, akaifungua tena, akaibeba pamoja na kiti cha plastiki hadi ndani ya fremu ya fundi. Akakiweka karibu na mita iliyogoma, cheche zinamwangukia miguuni.

"Fundi, choma."

Mita ikanyamaza. Akaandika kitu kwenye kompyuta, akabadilisha mpangilio wa chipu.

"Choma tena."

Ikanyamaza. Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikakaa.

"Tena," akasema.