Sauti Iliyotoka Kundini

Podikasti yangu niliianzia chumbani kwangu mtaa wa Katandala, hapa mjini, dirisha nimeliziba kwa blanketi ili upepo usiingie kwenye kinasa sauti. Nilizungumzia mambo ya nyumbani: wakwe, watoto, shamba, ndoa. Wasikilizaji walipoanza kuniletea maoni mmoja mmoja, nikawafungulia kundi kwenye simu waongee wenyewe kwa wenyewe. Hapo ndipo kipindi kilipopata uhai. Mtu wa kijijini Kate anasimulia ugomvi wa mpaka wa shamba, wa mjini anamshauri, mwingine anawachekesha wote. Kanuni ilikuwa moja: ya kundini yabaki kundini, na hewani yaende yale tu ambayo mwenyewe ameyaruhusu.

Siku moja mama kijana wa kijiji cha Msanzi akatuma ujumbe wa sauti. Wifi yake alikuja kwao msibani, matanga yakaanuliwa, wageni wakarudi makwao, yeye akabaki. "Nampikia, namfulia, na bado ananisema kwa mume wangu," alisema, akacheka kicheko kisicho na raha. "Jamani, msiba huu utaisha lini?"

Tulicheka naye, tukampa moyo. Haikupita wiki, wifi akawa ameyasikia neno kwa neno, mpaka hilo la msiba. Kikao cha ukoo kikaitishwa. Yule mama akaniandikia, "Dada, umeniuza," akatoka kundini.

Mimi sikuwa nimemuuza. Ila nani? Kundi zima likaigeukia namba moja isiyo na picha wala jina, ambayo haikuwahi kusema neno. Kila sauti ikitumwa, namba hiyo ilikuwa ya mwanzo kuisikiliza. "Mtoe huyo," walisema. "Ametumwa huyo." Niliipigia. Ikapokelewa, nikasikia kuku na mtu anapumua, kisha ikakatwa.

Shaka ikishaingia haichagui. Mwalimu mstaafu, aliyezoea kutusahihisha Kiswahili chetu, naye nikaanza kumwogopa kwa sababu tu kwao ni Msanzi. Na dada mmoja mwenye saluni hapa mjini, aliyemkaribisha kila mgeni kwa maneno matamu, kwa nini alishupalia zaidi ya wote kwamba yule asiyesema atolewe? Nikawa nasoma hata salamu zao mara mbilimbili.

Basi nikatega. Nilirekodi habari ya uongo kwamba nimepata mchumba, nikaituma faraghani kwa hao watatu, kila mmoja nikimtajia mchumba tofauti. Mwalimu nilimwambia ni mkulima wa ulezi wa Kate. Ile namba nikaiambia ni fundi seremala wa Msanzi. Dada wa saluni nikamwambia ni Mwislamu anayeleta samaki, migebuka, kutoka ziwani. "Naomba ushauri," nilimalizia kwa wote, "ila usimwambie mtu."

Mwalimu alijibu kwamba ndoa si jambo la kushauriana kwenye simu. Ile namba, kwa mara ya kwanza, ikatuma sauti. Alikuwa bibi, Kiswahili chake kimelowa Kifipa. "Mwanangu, usikimbilie. Nenda kwao kwanza, usikie mama yake anavyoongea na majirani." Akaeleza kwamba mjukuu wake ndiye aliyemuunga kundini, na yeye anajua kubonyeza tu ili asikie. Siku niliyompigia aliogopa kwamba ameharibu simu. Nilimshukuru, lakini sikumwamini sawasawa. Bibi naye ana majirani.

Jumapili mama yangu alipitia kwangu akitoka misa, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Jumuiya nzima inaniuliza. Eti mkwe wangu ni Mwislamu muuza migebuka? Mimi ndiye wa mwisho kuambiwa?"

"Hakuna mkwe, mama."

"Na hao migebuka wametoka wapi?"

Kesho yake nikaenda saluni. Kabla sijafika mlangoni niliisikia sauti yangu mwenyewe, inatoka kwenye spika iliyowekwa karibu na mashine ya kukaushia nywele. Wateja walikuwa wanabishana kama nikubali au nikatae.

"Karibu, bi harusi!" dada akasema.

"Dada, na sauti ya yule mama wa Msanzi uliicheza hapa?"

"Niliicheza, ndiyo! Watu walicheka mpaka machozi. Mdogo wangu, wasikilizaji wako wengi wametoka kwenye viti hivi."

"Nilisema yabaki kundini."

Akaniangalia kama vile nimemtukana. "Kwani hawa si kundi?"

Mteja mmoja aliinuka, rola kichwani, akatoka nje bila kuaga. Sikumwuliza kama kwao ni Msanzi.

Niliwaeleza wote kundini ukweli, pamoja na mtego wangu. Dada wa saluni akaomba radhi, nikamwacha kundini; baadhi ya watu wakaondoka kwa sababu hiyo. Mama wa Msanzi nilimpigia. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wifi ameshaondoka," alisema. "Nimekusamehe, dada. Ila sirudi."

Kipindi kinaendelea, na wageni wanaingia. Lakini siku hizi, nikiuliza swali, naona kwenye kioo cha simu alama kwamba mtu fulani anarekodi sauti. Nangoja. Alama ile inazimika, na hakiji kitu.