Ukumbi Uliogoma Kuitikia

Mwalimu wa kwaya alipotangaza kwamba Mchezo wa Reli ungerudi jukwaani, Makongeni nzima haikulala wiki hiyo. Huenda walilala kidogo, lakini mimi sikuwaona. Ni mchezo wa kuimbwa mwanzo hadi mwisho, uliotungwa na wafanyakazi wa reli wenyewe zamani, wakati mimi nikichunga ng'ombe wa babu huko magharibi. Ulichezwa miaka na miaka katika ukumbi wa mtaa, mpaka yule mama aliyekuwa akiimba sehemu ya mke wa dereva akafariki, na mchezo ukazikwa naye. Sasa ulikuwa unafufuliwa. Watu walikuwa na swali moja tu, na waliliuliza kwa kinyozi, kwenye foleni ya kliniki, mlangoni mwa kanisa na, nasikia, hata makaburini jeneza likiwa bado juu: nani ataimba mke wa dereva?

Sehemu yenyewe lazima niieleze, maana ugomvi wote ulitoka hapo. Mke amesimama mlangoni anamngoja mumewe arudi na treni ya jioni. Treni haiji. Anawauliza majirani kwa wimbo, "Majirani, mmesikia honi?" Majirani wanajua mume ameshakufa, lakini nani ana moyo wa kumwambia? Kwa hiyo wanamwitikia, "Tumeisikia, anakuja." Anauliza tena, wanaitikia tena, hivyo hivyo hadi pazia lifungwe. Na majirani hao hawako jukwaani. Ni watazamaji, ukumbi mzima. Ndivyo ulivyochezwa tangu siku ya kwanza, na ndivyo mwimbaji alivyopatikana: anapanda jukwaani mbele ya watu, anaita, na ukumbi ukimwitikia amekuwa mke wa dereva. Ukinyamaza, aende nyumbani akapike. Wanasimulia kuwa dada mmoja aliwahi kuijaribu nafasi hiyo yule mama akiwa mgonjwa. Ukumbi ukamnyamazia, akashuka katikati ya wimbo, akahama mtaa. Wengine husema alihama nchi. Waliosema alihama nchi walisikia kwangu.

Maana mimi pia nilikuwa mtu wa mabenchi ya mbele. Nilipofika Nairobi nilipokelewa na mjomba wangu aliyekuwa na nyumba ya reli Makongeni, nikalala jikoni kwake, na kila mchezo ulipochezwa nilikuwa pale mbele nikiitikia hadi koo likauke. Mkuu wa mabenchi hayo alikuwa mzee mmoja mstaafu, aliyemaliza ujana wake akiunganisha mabehewa. Ana kifua cha ngoma. Akiitikia yeye, kuku wa Makadara hutaga kabla ya wakati. Mzee huyu alikwisha hamia mtaa wa Umoja miaka mingi, ila ukimsikiliza utadhani bado analala kwenye reli.

Mabenchi ya mbele yalikuwa na mtu wao: binti wa marehemu. "Sauti ni kama pua," mzee alisema, "mtoto huichukua kwa mamake." Hakuna aliyemuuliza binti kama anaweza kuimba. Pua ilikuwa ileile, ikatosha.

Kisha dadangu mdogo akajiandikisha.

Tunaishi naye Tassia, ghorofa ya tano, katika zile nyumba za kupanga zilizosongamana hivi kwamba ukipiga chafya jirani wa jengo lingine anakuambia pole bila kuinua sauti. Yeye hupakia sabuni kiwandani. Mchezo aliujua kutoka kwangu, nikiimba huku nafua nguo na yeye akinisahihisha. Nilimuuliza anataka nini kwa watu wa Makongeni, wakati ana kwaya yake kanisani.

"Kwaya ina wenyewe," akasema. "Tangu nije huku nimeimba nyuma ya watu. Nataka siku moja nisimame peke yangu niimbe, na watu wasikilize. Mara moja tu, kaka. Baadaye nitarudi kwa sabuni zangu."

Habari ikaingia katika kundi letu la simu la watu wa mabenchi ya mbele, na hapo ndipo nilipowajua binadamu. Mmoja aliandika, "Mtu wa Tassia amewahi kungoja nini zaidi ya maji?" Mwingine akasema mke wa dereva hawezi kuwa mtu asiyeweza kutofautisha honi ya treni na ya lori. Wa tatu akauliza kama huko kwetu ghorofani jukwaa linaitwa paa. Mimi nimesoma shule ya jioni, nikamaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu, na siku hizi nachapa hati kwenye kibanda karibu na mahakama ya Makadara. Kwa hiyo niliwajibu kwa insha kamili, yenye utangulizi, aya za kati na hitimisho. Mzee alijibu kwa mstari mmoja: "Shule ya usiku, fupisha. Simu yangu imejaa."

Sikufupisha. Niliandika kwamba sauti ya mgombea wao ni kama behewa linalorudi nyuma bila mafuta, na kwamba wenye reli wengi humo kundini treni wanaiona siku hizi kwenye kalenda. Wakanitoa kundini. Wakanirudisha ili wanitukane vizuri, wakanitoa tena. Kinyozi wangu, shabiki wa binti, aliniwekea mstari wa nywele uliopinda, nikatembea nao Jogoo Road kama mtu aliyepigwa na mlango. Jumapili nilipofika ukumbini kutazama mazoezi ya kwaya, benchi langu la miaka yote lilijaa ghafla. Watu watano walipanua miguu kwa pamoja.

Siku chache kabla ya kupimwa kwa waimbaji, mzee akaja kibandani kwangu. Nilimpa kiti, akakiangalia, akabaki amesimama.

"Habari yako, mzee wangu."

"Mbaya. Mwambie dadako aondoe jina."

"Kwa nini aondoe?"

"Tutamnyamazia. Ukumbi wote, hata watoto. Nimekuja mwenyewe kwa sababu tumekaa benchi moja mimi na wewe, sitaki useme hukuambiwa. Msichana wa watu atasimama pale aite, na hakuna mdomo utakaofunguka. Hiyo aibu haitoki na sabuni, hata kama anaipakia yeye."

"Kosa lake ni nini?"

"Si wa hapa."

"Mzee, wewe mwenyewe unaishi Umoja."

"Umoja nalala," akasema. "Kuishi naishi Makongeni." Kisha akaondoka, na mteja niliyekuwa nikimchapia hati ya kiapo akasema huyo mzee angefaa kuwa hakimu.

Nilimpelekea dadangu ujumbe huo neno kwa neno, nikitumaini ataogopa, maana mimi nilishaogopa kwa niaba ya ukoo mzima. Alikuwa anapiga pasi.

"Watanyamaza wote?"

"Wote. Lakini mimi nitaitikia. Nitaitikia kwa nguvu za watu mia."

"Na hiyo sauti yako?" Akaniangalia kwa huruma. "Hapana, kaka. Nyamaza na wao. Nikisikia wewe peke yako nitacheka, halafu itakuwa imeisha."

"Kwa hivyo unaenda?"

"Naenda. Si wamesema watanyamaza? Basi watanisikia."

Jumapili ya kupimwa, ukumbi ulijaa baada ya ibada. Walioshindwa kuingia walining'inia madirishani kama nguo za Tassia. Mwalimu, mwanamke mwembamba wa miwani ambaye hajawahi kupandisha sauti na hajawahi kupingwa, alikaa kiti cha pembeni. Akamwita binti wa marehemu kwanza.

Binti alipanda taratibu. Ni msichana mpole, hakuwa na neno na mtu. Alifungua kinywa na kusema "Majira—", na hapo hapo ukumbi ukamwitikia. Wakubwa kwa wadogo, mzee akiwaongoza kwa mkono hewani: "Tumeisikia, anakuja." Mabati yaliinuka yakarudi. Aliita tena, wakamdaka tena kabla hajamaliza. Mwalimu aliwaashiria wapunguze, wakaongeza, maana walidhani anawapa hamasa. Niliona midomo ya binti ikienda, niliona mishipa ya shingo, lakini sauti, naapa, sikuisikia hata chembe, wala hakuna aliyeisikia. Angeweza kuwa anahesabu mbuzi. Alishuka jasho likimtoka, mabenchi ya mbele yakipiga makofi kama yameshinda uchaguzi, na mzee akanigeukia kule nyuma nilikosimama, akanionyesha meno yake yote manne.

"Sasa mlete wa ghorofani," mtu akasema dirishani, watu wakacheka.

Dadangu akapanda na viatu vyake vyeupe vya kanisani. Mzee akakunja mikono. Benchi lote likakunja mikono, halafu la nyuma yake, mpaka ukumbi mzima ukawa kama picha ya timu ya mpira.

Aliita, "Majirani, mmesikia honi?"

Kimya. Nilidhani atakimbilia mstari wa pili ili ajifiche ndani yake, kama ambavyo ningefanya mimi. Hakukimbia. Alisimama akangoja, muda uleule ambao jibu lingechukua, akitazama watu. Kisha akaita tena, chini kidogo. Kimya. Sasa kila punje ya sauti yake ilisikika, hata pumzi aliyovuta kabla ya neno, hata pale koo lilipokwaruza. Akasogea ukingoni mwa jukwaa, akamtazama mama mmoja wa benchi la kwanza usoni, akamuuliza yeye: mmesikia honi? Yule mama akainamisha kichwa. Akamhamia jirani yake, naye akatazama viatu. Mikono ilibaki imekunjwa, lakini nyuso zilibadilika, na nyuso hizo mimi nilizijua.

Baba yetu alipofariki, habari ilifika kijijini kabla hatujaipata sisi. Mimi na dadangu tulitumwa dukani, tukapita njia nzima tukisalimia watu na hakuna aliyetuangalia. Muuza duka alitupa chumvi akiwa ametazama ukuta. Tulifika nyumbani tukijua. Nilimwangalia dadangu pale jukwaani, nikaona anaiimba njia ile ya dukani.

Mstari wa mwisho hakuuliza kwa nguvu. Aliuliza kama mtu ambaye ameshapata jibu na anauliza kwa heshima tu. Kisha akanyamaza, ukumbi ukanyamaza naye, na mtoto mmoja dirishani akaanza kulia, akapigwa kofi na mamake ili asiharibu mgomo.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Sehemu ni yako," akamwambia dadangu. Kisha akatugeukia. "Na wimbo huu hautaitikiwa tena. Majirani watanyamaza, kama mlivyofanya sasa hivi. Mmefanya vizuri sana. Sijawahi kuona ukumbi ukifanya vizuri hivi."

Fujo iliyofuata ningehitaji shule nyingine ya jioni kuieleza. Mzee alisimama juu ya benchi.

"Mwalimu, sisi ni majirani. Hilo jibu ni letu. Tunaitikia hapa tangu siku ya kwanza."

"Na leo mmenyamaza," mwalimu akasema. "Nani aliwaambia mnyamaze?"

Watu walitoka nje wakisukumana, wengine wakimlaumu mzee, wengine wakimlaumu binti, wengi wakinilaumu mimi ambaye kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimefunga mdomo. Kinyozi alinipita akasema, "Usije kwangu tena." Nikamwambia kichwa changu kimefurahi kusikia hivyo.

Wiki ile, nilivyosomewa na waliobaki humo, kundi la simu liliwaka moto. Walisema mwalimu amehongwa, walisema dadangu amewaloga, mmoja akasema watu wa magharibi tuna dawa ya kufunga midomo, na yeye mwenyewe kwao ni Mumias, magharibi hukohuko. Kilichowauma zaidi walikuwa hawakiandiki: mchezo ungechezwa, nao wangekaa pale na mikono magotini bila mstari hata mmoja. Jibu waliloimba tangu utotoni walilitupa wenyewe Jumapili moja kwa sababu ya chuki.

Jumamosi jioni mzee akaja Tassia. Alipanda ngazi zote hadi ghorofa ya tano, akafika akihema kama injini ya mvuke, na dadangu akamtolea chai. Hakuigusa. Aliniruka mimi kana kwamba ni samani, akasema naye.

"Binti, nimekuja kukuonya. Siku ya mchezo tutaitikia. Mwalimu atake asitake. Tutaitikia mpaka hayo mabati yang'oke."

"Mtaniitikia mimi?" dadangu akauliza.

"Tutauitikia wimbo."

"Wimbo nitakuwa nauita mimi, mzee. Mkiitikia, mmeniitikia. Karibuni tu."

Mzee akachukua kofia yake na kutoka bila kuaga. Tulimsikia akishuka ngazi, hatua nzito, anasimama, anashuka. Kwenye ghorofa ya tatu akasimama zaidi, halafu sauti yake ikapanda juu na kutikisa sufuria za jengo zima.

"Basi tutanyamaza."

Dadangu alitoka hadi kwenye ngazi akainama juu ya ukuta. "Asante, mzee. Ndivyo mwalimu anavyotaka."

Kule chini lango la ploti lilibamizwa, na nguo za ghorofa zote tano zikacheza kwenye kamba.