Mpaka wa Matoka

Sipendi bustani za jiji. Watu wa Nairobi wakiona mijakaranda imemwaga maua ya zambarau wanashikwa na wazimu wa kujipiga picha, kana kwamba mti umechanua kwa ajili yao. Jumapili hiyo ya Oktoba, katika ile bustani kubwa ya katikati ya mji, kulikuwa na kwaya nzima iliyovaa kitenge cha namna moja ikirekodi video, mhubiri aliyekuja na spika yake, na mpiga picha aliyenifuata kila nilipogeuka akiniita madam. Nilimwambia uso wangu nimeuacha nyumbani. Alicheka, akaendelea kunifuata.

Nilikuwa na sababu yangu ya kwenda. Mama anaishi nami mtaani Woodley tangu magoti yamshinde, na kila mwaka huomba apelekwe akaone maua. Safari hii niliwaalika pia kaka yangu na mke wake kutoka Mutuini. Kaka alishangaa, maana tulikuwa hatujasemezana tangu Pasaka. Nikamwambia ni kwa ajili ya mama. Uongo mtupu. Nilitaka shamba langu.

Baba, kabla hajafa, alitugawia shamba la Mutuini, upande wa kaka na upande wangu, na katikati akapanda matoka. Kwetu Wakikuyu itoka si ua la kupamba; ni yungiyungi la kushika mpaka. Likishapandwa halisogezwi, na anayeling'oa anajitafutia laana. Tuliliamini hilo kiasi kwamba hakuna aliyehangaika kutafuta hati. Aliyeshuhudia baba akipanda, na ambaye bado yu hai, ni mama peke yake.

Mwaka jana nilifika huko nikakuta safu nzima imetoweka na udongo umesawazishwa. Mama akaniambia ni fuko, wamekula mizizi. Nikaleta mtega fuko, akahangaika wiki nzima asiambulie hata mkia. Baadaye kaka akachimba msingi wa nyumba za kupangisha, na msingi ukaingia upande wangu bila kubisha hodi. Nilipomuuliza mpaka uko wapi, alinijibu kwa neno moja: "Nionyeshe."

Basi nilitaka mama amwonyeshe. Nilijua kuna tuta la matoka karibu na bwawa la ile bustani, na mvua za kwanza zilikuwa zimeyaamsha. Nilipanga tukae papo hapo, mama ayaone, akumbuke alivyosimama na baba, aseme mbele yetu sote yalianzia wapi na kuishia wapi. Kaka angebishana na mimi hadi kesho, lakini na mama asingethubutu.

Tulitandika shuka. Mama akafungua themosi ya chai, akagawa nduma na viazi vitamu nilivyochemsha alfajiri. Siwezi kukataa kwamba siku ilikuwa nzuri. Watoto walikuwa wakibingirika kwenye nyasi, hewa inanukia udongo uliolowa, na maua yanatuangukia kwenye vikombe. Sikufurahia hata dakika moja. Nilikuwa namtazama kaka anavyotafuna nduma yangu kwa amani, nikiomba imkwame kooni.

Mke wake ni mtu wa Kakamega, ndiyo maana tukiwa naye tunasema Kiswahili. Sikumpenda. Tangu matoka yapotee nilikuwa na hakika ni yeye anayemtia kaka maneno. Aliposimama kwenda kutazama tuta, nilimfuata kwa macho kama askari wa duka.

"Wueh, hizi maua zimeshika," akasema. "Lakini zetu ni kubwa kuliko hizi. Mum, si ni zile ulinipatia nikapanda kwa gate?"

Nikamuuliza alipewa lini.

"Ile wiki Mum alikuja kututembelea. Alikalia kistuli, anang'oa moja moja na panga, mimi nabeba. Nikamwambia apumzike, magoti itamuuma. Akasema nichukue tu, ni maua." Akatutazama mmoja mmoja. "Kwani kuna nini?"

Kaka alikuwa amezama kwenye simu.

"Mum, ni ukweli?" nikauliza.

Mama alimaliza kumenya kiazi chake kwanza. "Ni mimi," akasema. "Hakukuwa na fuko."

"Kwa nini?"

"Sasa wewe ukienda, hiyo shamba itabaki na nani? Huna mtoto. Huyu ako na vijana wawili. Mpaka ni ya mtu ako na wa kumwachia. Baba yako alikuwa anakuhurumia tu."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, ile anayoniambia nayo kwamba chumvi imeisha. Niliumia. Sina haja ya kulipamba jambo hilo. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi changu nilikuwa nakifulia hizo nguo kila Jumamosi.

"Usianze drama hapa," kaka akasema bila kuinua kichwa. "Watu wanaangalia."

"Wacha waangalie. Si walikuja kuona maua?"

Nikamimina chai iliyobaki kwenye nyasi, nikafunga themosi. Kwaya ilikuwa imeanza wimbo uleule upya kwa sababu mmoja wao alikosea hatua.

"Mum," nikasema, "leo unalala wapi?"

"Unauliza nini sasa? Si nyumbani."

"Nyumbani ni wapi?"

"Woodley."

"Woodley hakuna vijana," nikamwambia. "Ni kwa mtu hana wa kumwachia."

Kaka akatia simu mfukoni kwa mara ya kwanza tangu tufike. Akamtazama mama, kisha mke wake. Nadhani alikuwa anapiga hesabu ya vyumba vyake. Mama naye alimtazama, akamngojea aseme njoo kwangu, naye akachukua kiazi kingine.

Ndipo mama akaninyooshea mimi mkono nimwinue, kama ninavyomwinua kila asubuhi. Nilichukua kikapu changu na funguo za gari, nikauacha mkono hapohapo ulipokuwa. Nilipogeuka kutazama, aliyekuwa amepiga magoti kumshika kwapani ni mke wa kaka. Kaka alikuwa bado ameketi.