Koti Alilolalia Kicheche

Mwaka wa themanini na nane, mgeni aliyeitafuta nyumba ya Kaltumu pale Koboko hakuhitaji kuuliza njia. Pua ilimpeleka. Akishapita soko na kushika barabara ya Lurujo, angeikuta harufu inamsubiri, nzito, kama ya samaki mkavu aliyesahaulika kapuni, na watoto wangemwambia huku wakicheka, "Bado kidogo tu, baba, fuata hiyo hiyo!"

Mwenye harufu hakuwa Kaltumu, jamani, tusimsingizie mtu. Mwenye harufu alikuwa Sajini.

Sajini alikuwa kicheche, mnyama mdogo wa porini, mweusi, mwili mrefu na miguu mifupi, mwenye mistari myeupe kuanzia kichwani hadi mkiani. Kaltumu alimwokota mwaka wa themanini na sita, watu walipokuwa wanarudi kutoka Zaire walikokimbilia wakati wa vita. Alikuwa kando ya njia, kadogo kama kiatu cha mtoto, mama yake amekufa pembeni. Wenzake walimwambia amwache, wao wenyewe hawakuwa na cha kula. Akamtia kifuani akaendelea na safari. Jina alimpa kwa sababu ya ile mistari, kama ya cheo cha askari. "Mume wangu alikufa koplo," alisema. "Basi huyu apande cheo."

Mumewe, Koplo Soka, alikuwa amekufa kwa homa ukimbizini, kule Aba, Zaire, mwaka wa themanini na mbili. Alimwachia mkewe koti zito la jeshi na sheria moja ya kambini: kila kilicho hai ndani ya nyumba kioge kwa sabuni kabla ya chai. Enzi zake Soka aliwaogesha hata mbuzi, na hao mbuzi walimchukia. Kaltumu aliishika sheria hiyo kama sala. Kila asubuhi Sajini alikamatwa, akatumbukizwa kwenye beseni, akasuguliwa kwa sabuni ya mche mpaka akapiga chafya. Jioni alirudi kulala kwenye lile koti, lililotandikwa ndani ya kasha la mbao, mahali alipolala tangu siku ya kwanza.

Na alikuwa na kazi, msimdharau. Mashamba yaliyokaa miaka saba bila watu yalikuwa yamenenepesha panya kupita kiasi, nao panya wakawa wanakula mbegu za watu waliorudi mikono mitupu. Katika chumba cha Kaltumu, chumba cha mabati alichojengewa na Lado, mdogo wa mumewe, panya hakutia mguu. Wanawake wakaanza kumletea Kaltumu mbegu zao za karanga azitunze hadi mvua. Kila mmoja alimwachia karanga kidogo kama shukrani, na hicho ndicho kilichokuwa chakula chake.

Sasa mwaka huo mambo yakaharibika. Jenifer, jirani yake, alikuja akabeba gunia lake bila hata kukaa. "Karanga yangu nanuka, mama. Hii nikipanda, hata udongo itakataa." Kesho yake wakaja wengine wawili. Keshokutwa akaja Lado mwenyewe, akasimama uani, kiganja puani.

"Shemeji, mimi nasema mara moja. Iko daktari ya mifugo kule Arua, Onzima. Peleka hii kitu yako akate ile tezi ya kunuka. Wiki mbili. Kama bado nanuka, mimi mwenyewe nakuja kuua yeye."

"Shemeji, mutu naua sajini?"

"Hata jenerali!" alisema Lado, akaondoka bila kunywa maji.

Kaltumu alicheka mpaka Lado alipopotea njiani, kisha akaingia ndani, akakaa kando ya kasha. Hakuwa na mtoto. Mnyama yule ndiye aliyemsubiri mlangoni akitoka kisimani. Usiku huo hakula.

Jumatatu alipanda lori la tumbaku, Sajini ndani ya kikapu kilichofungwa kanga mara mbili. Onzima, mtu wa Logiri, mpole na mwenye mikono mikubwa, alikuwa maarufu kwa kuhasi mafahali. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua kikapu mezani mbwa wake alipobweka mlangoni. Sajini aligeuka, akainua mkia. Lahaula! Daktari alitoka mbio macho yanachuruzika, mbwa akaenda kujisugua pua kwenye majani ng'ambo ya barabara, na mama mmoja aliyekuja na kuku wake akasahau kuku.

Wakakaa nje wote wawili kusubiri hewa.

"Mama," alisema Onzima, akijifuta machozi na kucheka, "hiyo ndiyo silaha yake. Kukata naweza. Lakini mimi sijakata kicheche hata moja. Dawa ya kulalisha niko nayo ya mbwa, anaweza kulala asiamke. Na akiamka, siku mbwa atakamata yeye, atajitetea na nini?"

Kaltumu aliikumbuka barabara ya kwenda Zaire, watu wamebeba masufuria vichwani na hawana kitu kingine. "Sisi tulikimbia bila kitu cha kujitetea, Daktari," alisema. "Mimi sitaki yeye akuwe hivyo."

"Sasa niambie. Hii unasikia sasa, ndiyo ile ya nyumbani?"

Kaltumu alivuta pumzi kwa makini, kama anayeonja mchuzi. "Hapana. Hii iko kali, lakini inaisha. Ya nyumbani iko nzito, inakaa."

"Basi tezi haina kosa. Ya nyumbani ni mafuta ya ngozi. Unaogesha yeye mara ngapi?"

"Kila siku. Na sabuni," alisema Kaltumu kwa fahari.

Onzima alijipiga paja. "Loo, mama! Wewe unatoa mafuta, ngozi inatengeneza ingine nyingi zaidi. Wacha sabuni. Na analala wapi?"

"Kwa koti."

"Ulifua lini?"

Kaltumu alikitazama kikapu mle ndani mezani, kupitia mlangoni. Alikuwa mwanamke aliyesugua kila kitu, aliyefua mpaka matambara ya kupangusia sufuria.

"Iko ya marehemu," alisema mwishowe. "Sijafua tangu alikufa. Ile harufu ya mwisho ya yeye iko mule."

"Mama," Onzima alisema taratibu, "bado unasikia yeye?"

Kaltumu alikasirika. Aliingia ndani, akabeba kikapu chake na Sajini, akaondoka bila kuaga, na njia nzima hadi Koboko alikuwa akisema peke yake: huyu anajua mafahali, anajua nini habari ya Soka! Lakini alipofika alilitoa koti kasha zima likatikisika, akazika uso ndani ya ukosi, akatafuta. Alitafuta kwenye makwapa, akatafuta kwenye mifuko. Alimkuta Sajini kila mahali. Mumewe hakuwemo. Alilia kwa sauti, mlango wazi, bila kujali nani anapita.

Kesho yake alishuka na koti mto Kochi. Maji yalitoka meusi, kisha ya kahawia. Alilifua, akalianika, akalinusa, akalifua tena. Sajini alipewa gunia safi, likabadilishwa kila siku ya tatu; kona yake ya haja ikamwagiwa majivu; sabuni ikakoma. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika, na Kaltumu alimtukana Onzima kwa Kikakwa, lugha ya kwao, na kwa Kiswahili. Wiki ya pili, siku ya Jumatano, Jenifer alichungulia mlangoni, akanusa, akanusa tena, akaenda zake. Alasiri alirudi na gunia lake.

Siku ya ahadi ilikuwa Ijumaa. Lado alikuja na rungu. Aliingia uani pua mbele, akasimama, akageuza kichwa huku na huku kama mtu aliyekosea nyumba. Kisha akaliona koti juu ya ua, limefuliwa mara ya tatu asubuhi ile.

"Nani anafua hii?"

"Mimi, shemeji."

Lado alilishika mkono mmoja wa koti, bado una unyevu, akaupeleka usoni. Alipouachia, mtu mzima yule alikuwa analia.

"Hii ndiyo Soka," alisema. "Tulilala mkeka moja tangu watoto. Mimi nanuka mbuzi, yeye nanuka sabuni. Kila siku sabuni, sabuni."

Kaltumu alikuja akashika ukosi, akanusa. Sabuni ya mche na jua. Alikuwa yeye kabisa, yule mtu aliyetoka bafuni kila asubuhi na maji shingoni, akiuliza chai iko wapi. Miaka sita alikuwa amemfungia nje ya koti lake mwenyewe.

"Shemeji," alisema Lado, akijifuta kwa kiganja kile kile kilichokuwa kikiziba pua, "chai iko?"

"Iko. Kwanza weka rungu chini, unaogopesha Sajini."