Likizo Ndani ya Makochi

Dada yangu ni fundi wa makochi, na hilo nalisema nikiwa nimenyoosha shingo. Mtaa mzima unamwita Mama Makochi. Saluni yangu na karakana yake zimetenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo habari zake sisimulii za kuambiwa. Akipiga nyundo, vioo vyangu vinatikisika. Amefiwa na mume, na anaishi na watoto wake wawili katika vyumba vya nyuma ya karakana. Wa kwanza ni binti wa darasa la tano, maneno machache, macho hayatulii. Wa pili ni wa kiume, tunamwita Wakili, kwa sababu ukimwambia akaoge atataka kwanza kujua kosa lake ni nini.

Likizo zikifika, ndipo dada anapopata tabu. Watoto wa majirani wanapelekwa kuogelea, wengine kwenye bembea za kulipia. Mkono wa dada ni mfupi, na karakana haifungwi eti kwa sababu shule zimefungwa. Kila likizo wifi yake, dada wa marehemu, hupiga simu akitaka watoto waende kwake. Ana nyumba kubwa, televisheni imejaa ukuta, na baiskeli zinazopata kutu kwa kukosa wapandaji. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Ila safari hii aliongeza neno: watoto wakipenda kule, angewatafutia na shule ya huko huko, ili dada apate kupumua. Dada aliposikia habari ya kupumua, pumzi ndiyo ikamkatika.

Mimi nilimshauri akatae, tena kwa sauti. Akasema shangazi yao ni damu yao, hawezi kuwafungia. Akamjibu wifi yake aje Jumamosi ya wiki ya pili ya likizo, watoto waamue wenyewe, na watakalosema yeye atalikubali. Alipoweka simu chini, alikaa akiitazama kana kwamba itamrudishia maneno yake.

Jumatatu ilikuwa balaa tupu. Wakili alijimwagia gundi kichwani, nikalazimika kumnyoa kipara saluni kwangu huku akidai nimemnyang'anya mali bila idhini. Binti alishinda mlangoni, shavu mkononi, akiwaangalia watoto wa jirani wakipakiwa garini na maboya yao. Siku nzima aliuliza swali moja tu: shule zikifunguliwa, wenzake wakisimulia walikokwenda, yeye atasema nini? Dada akajifanya hajasikia, akaendelea kupiga misumari. Jioni, akifagia, alikuta mkoba wa binti chini ya kitanda, nguo zimeshapangwa ndani. Akaurudisha ulipokuwa.

Kesho yake likaletwa kochi la mwalimu mmoja mstaafu, limebonyea katikati, springi zinachungulia. Sasa, dada ana sheria yake ya kazi. Makochi yanameza vitu. Kabla hajafumua hata mshono mmoja, anaingiza mkono kwenye kila upenyo na kupekua, na kila anachokikuta ni mali ya mwenye kochi, hata kiwe kifungo. Kinatiwa kwenye kopo, kochi likiondoka na kopo linaondoka. Siku zote huifanya kazi hiyo mwenyewe, harakaharaka. Siku ile mikono yake ilikuwa imejaa gundi, akawaambia watoto wapekue wao. Msije mkadhani alikuwa na mpango. Alitaka tu wamwondokee miguuni.

Wakatoa kifuniko cha kalamu, vipande vya chaki, kitana kisicho na meno na karata moja ya kopa. Kisha wakatoa karatasi za peremende, nyingi, zimesokotwa na kusukumwa mbali kabisa, zote upande wa kulia. Nikamsikia binti kupitia ukutani akiuliza kwa nini upande huo tu. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kuvuka ukuta wiki ile, nikaacha kichwa cha mteja kwenye sinki nikaenda kuchungulia. Alikuwa amemkalisha Wakili pale kulia, anampima mkono unafika wapi. Wakili naye anabishia kila jambo, anataka ushahidi. Mpaka jua linazama walikuwa wameijua nyumba nzima ya mwalimu: nani hukaa wapi, nani alikuwa akisahihisha madaftari, nani huficha karata akishindwa.

Tatizo likaja siku mwalimu alipofuata kochi lake akiwa na mkewe. Wakili alisimama mbele yao na kipara chake, akakohoa, akatoa taarifa kwamba upande wa kulia anakaa mtu anayekula peremende kwa siri. Kumbe mwalimu alikuwa amekatazwa sukari na daktari. Mwalimu akaangalia dari. Mkewe akamwangalia mwalimu. Dada alitamani ardhi ipasuke, maana wateja hawaokotwi. Lakini bibi yule alicheka hadi akakosa nguvu za kusimama, akakaa palepale upande wa kulia, akajifuta machozi na kusema tangu leo upande huu ni wake.

Dada akatunga sheria nyingine papo hapo: taarifa anapewa aliyekaa upande husika, tena sikioni. Kuanzia hapo watoto hawakushikika. Waliamka kabla yake. Wale waliokwenda kuogelea waliporudi, walikuja kujibanza dirishani na nywele zao mbichi, wakiomba angalau kushika tochi. Wateja nao wakaanza kuleta viti ambavyo walikuwa wakivikawiza, wasikie watoto watawaambia nini. Na baada ya kupekua, dada akaanza kumfundisha binti kufumua. Kitambaa cha zamani hakichanwi ovyo, kwa sababu ndicho kipimo cha kukatia kipya. Unafuata uzi, unaachia mshono mmojammoja, kitambaa kinatoka kizima. Binti aliharibu cha kwanza na cha pili. Cha tatu nacho hakikuwa cha kujivunia.

Hata hivyo mkoba ulibaki chini ya kitanda. Kila asubuhi dada aliinama kuuangalia, kisha akaja kusimama mlangoni kwangu. Mimi, mwenye mdomo kuliko watu wote, nilimsogezea kiti tu.

Jumamosi ya ahadi wifi akafika. Gari lilikuwa safi, na watoto alikuwa amewaletea viatu vipya. Walimkimbilia kwa furaha ya kweli. Akawauliza wameamuaje. Binti akasema kabla ya hilo kuna kazi moja. Akamgeukia mama yake.

"Mama, naomba mkasi mdogo. Nataka kulifumua kochi letu."

Kochi lao la sebuleni ni la tangu enzi za marehemu. Limechakaa mikono, na nimemtania dada mara nyingi kwamba fundi mzima anakalia matambara. Ukweli ni kwamba tangu mumewe afariki hakuthubutu kuligusa. Mkasi ule mdogo pia hampi mtu, hata mimi hunifukuza nikiugusa. Nilidhani atakataa. Kisha akautoa mfukoni mwa aproni, akamwekea binti kiganjani.

Kwanza walipekua. Binti alipanga vitu sakafuni, upande kwa upande. Kushoto zilitoka njiti za kiberiti, zote zimetafunwa ncha. Wifi alipoziona akafunika mdomo. Akasema kaka yake alizitafuna hivyo tangu utotoni, mama yao alimchapa kwa ajili hiyo na hakuacha. Binti akaitikia kwa kichwa kama daktari, akaendelea. Karibu na njiti, makombo ya biskuti na kibanio kidogo cha nywele: huyo ni yeye, alikaa ubavuni mwa baba. Na palepale kwenye njiti, chini zaidi, akavuta soksi ndogo sana, soksi ya kichanga. Akampa mdogo wake.

Wakili alikuwa hajaanza hata kutambaa baba yao alipofariki. Aliigeuza soksi ndani nje.

"Ushahidi uko wapi kwamba ni yangu?"

"Mimi nilikuwa mkubwa, na mtoto mwingine hatukuwa naye," binti akamjibu. "Imeangukia alipokaa baba. Alikuwa amekupakata."

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Wakili hakubisha. Alikwenda kukaa sakafuni penye njiti zile, akajaribu kuivaa soksi kwenye kidole gumba cha mguu.

Sisi watu wazima tulilia, sioni aibu kusema. Wifi alivua viatu vyake vya kisigino, akapiga magoti kando ya kochi. Binti akamwambia, kwa adabu zote, kwamba viatu ni vizuri na wamevipenda, ila yeye Jumatatu ana kochi la watu na hawezi kuondoka, na kama shangazi hana haraka, upande wa kulia bado haujapekuliwa. Wifi akakunja mikono ya gauni. Alipekua hadi alasiri, huku akiwasimulia watoto mambo ya utoto wa baba yao ambayo hata dada hakuyajua. Upekuzi ulipokwisha, binti akafumua kochi mpaka mshono wa mwisho. Wifi alipoondoka jioni, viti vya nyuma vya gari lake vilikuwa vitupu. Habari ya shule hakuigusa, na hadi leo hajaigusa.

Gari lilipokata kona niliingia ndani kumpongeza dada. Nilitegemea kumkuta anashangilia kwamba watoto wamebaki. Nilimkuta amekitandaza kitambaa kikuukuu cha kochi juu ya meza, anakipitishia vidole pindo hadi pindo. Kilikuwa kizima, hakina hata tundu la ncha ya mkasi.

"Njoo uone mwanangu alivyofumua," akaniambia, na mtaa mzima ukasikia.