Springi Nilizochagua kwa Ajili ya Harusi Yangu

Mhariri, kosa ni langu. Naliandika hilo mwanzo kabisa kwa sababu najijua: nikipewa nafasi ya kuzunguka, nitazunguka mpaka mtu mwingine aonekane mkosaji. Nimeshawahi kufanya hivyo, na ndicho kilichonileta kwako.

Jina langu lifiche, tafadhali. Mimi ni fundi cherehani hapa Kigali, Nyamirambo. Kiswahili chetu cha huku kina makwaruzo yake, mtanivumilia. Majina ya watu nimeyabadilisha.

Nilipomchumbia Zaina, binti wa mfanyabiashara mmoja wa Kabuga, nilikuwa na kamyoneti, yaani pikapu, kuukuu ya kubebea vitambaa. Siku ya posa niliwapakia wazee wa kwetu nyuma, kanzu zimepigwa pasi, kofia zimekaa sawa. Kilima cha kuingia Kabuga kikatushinda. Wazee wakashuka, wakasukuma. Baba yake Zaina alikuwa amesimama kando ya barabara kutupokea, na ukoo wangu mzima ukamfikia umeinama, mikono kwenye bodi, jasho linatiririka.

Mnaozijua posa za huku mnajua mambo yake. Msemaji wa upande wa msichana kazi yake ni kuzua vikwazo. Atasema hapa hatuna binti, atasema binti kaolewa jana, atadai ng'ombe anayejua kusalimia. Msemaji wenu anajibu kwa utani, watu wanacheka, vinywaji vinaletwa, mambo yanakwisha vizuri. Siku ile mzee mwenyewe akasimama akasema, "Binti yangu hatoki hapa na gari la kusukumwa. Atatoka na gari linalopanda kile kilima likiimba."

Watu wakacheka. Msemaji wetu akajibu kwamba hata gari hatutaleta, tutaleta ndege. Wakacheka zaidi. Mimi sikucheka. Mimi nilikaa pale najiapiza moyoni kwamba gari litaimba.

Yaani katika ukumbi ule mzima, hadi watoto walijua ule ni utani. Bwana harusi peke yake ndiye hakujua.

Nikaenda kwa Shabani. Shabani alikuwa rafiki yangu wa tangu utoto, ana garaji lake Gatsata, kule juu ya Nyabugogo ambako kila mlango unaougonga anatoka mtu mwenye grisi. Mwenyewe ana maneno mengi, anaringa, anavaa miwani ya jua hata akiwa chini ya gari. Lakini kazi yake ilikuwa inajulikana.

Akaniambia, "Gari lako si bovu. Limechoka kifua tu." Alikuwa na kamshafti iliyotoka kwenye gari la mashindano lililopinduka. Kamshafti, kwa msiojua, ni chuma kinachozunguka ndani ya injini na kusukuma vijiti virefu vya chuma, pushirodi. Vijiti vinafungua valvu ili injini ipumue, na springi zinazirudisha valvu zifunge. Kamshafti ile ilikuwa inafungua valvu zaidi kuliko ya kwangu, kwa hiyo injini ingevuta pumzi kubwa na kupata nguvu.

"Ila unisikilize, sha, rafiki yangu," akasema. "Springi za zamani hazitaiweza hii. Tutatafuta ngumu kidogo. Nimesema kidogo. Na vijiti usinunue mpaka nifunge kichwa cha injini nipime mimi mwenyewe. Urefu wa vijiti haukisiwi."

Jamani. Mtu wa grisi ananifundisha mimi kupima? Mimi, ambaye nikikutazama tu unavuka barabara najua kiuno chako?

Kesho yake Shabani akiwa kwenye mazishi ya jirani yake, nikabeba kijiti kimoja cha zamani na futi yangu ya cherehani, nikaenda kwa muuza spea. Nikakipima kijiti kama ninavyopima mguu wa suruali. Halafu nikafanya anachofanya kila fundi cherehani mwenye akili, nikaongeza akiba. Kitambaa kikizidi nitakunja, kikipungua nimeharibu nguo ya mtu. Nikaagiza vijiti virefu kidogo kuliko vile vya zamani. Tena nikachagua vyembamba, kwa sababu vilinipendeza. Vilikuwa vinang'aa.

Springi ndiyo aibu kubwa zaidi. Muuza spea alinitolea za aina nyingi, nikawa nazibonyeza kwa dole gumba. Zilizobonyea nilizidharau. Mwisho akaleta za injini ya lori la kubeba mchanga. Nikabonyeza, zikakataa. Nikaomba ubao, tukauweka juu ya springi, nikamwomba ndugu yake muuzaji, mtu wa tumbo zito, apande juu. Akapanda. Springi haikulala. Akarukaruka kidogo, akashuka anahema.

Nikasema, "Hizi hizi."

Shabani alipoziona alivua miwani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kumwona macho.

"Hizi za nini?"

"Za gari langu."

"Ndugu yangu, springi ngumu hivi na vijiti vyembamba hivi, vijiti vitapinda. Na hivi virefu vitazuia valvu zisifunge. Umeongeza kipande cha nini huku?"

"Akiba."

"Akiba ya nini?"

"Kama kikipungua."

Alivirudisha vijiti mikononi mwangu. Akasema hafungi. Nikamwambia harusi ni yangu na gari ni langu. Akasema hafungi. Basi nikafanya jambo la kitoto: nikamwambia kwamba ananionea wivu kwa sababu naoa kabla yake. Hilo lilimchoma. Akaokota spana, akaanza kazi. Springi aliziingiza kwa tabu, na zile skrubu za kurekebishia valvu akazilegeza mpaka mwisho ili vijiti vyangu vipate pa kukaa.

Alipomaliza alifuta mikono, akasema, "Nimefunga kwa sababu yako. Siku likikuaibisha, useme wewe ndiye uliyechagua."

Nikasema, "Wallahi nitasema."

Tukalijaribu barabara ya tambarare, gari tupu. Lilikuwa linanguruma vizuri, kwa sauti nzito ya kikohozi. Mimi nililia machozi kwa furaha, nawaambia ukweli. Shabani yeye alikuwa ameinamisha sikio upande wa injini kama mtu anayesikia jina lake likitajwa nyumba ya jirani.

Siku ya harusi tukaenda Kabuga kumchukua Zaina; gari likiwa halina mzigo, kilima likakipanda. Baba mkwe, kwa kunipenda, akasema atapanda mwenyewe asikie gari likiimba. Akakaa kabini, Zaina katikati yetu na shela lake. Nyuma walipanda mashangazi, wapiga dufu, na Shabani ndani ya suti niliyomshonea mimi. Magari ya kuazima yakafuata yanapiga honi.

Gari lilianza kuimba tulipofika kwenye mwinuko, kabla kidogo ya kufika bariyeri, kizuizi cha wanajeshi. Mnakumbuka hali ilivyokuwa, vita viko kaskazini, na kwenye bariyeri kila mtu ana kidole pabaya. Valvu zangu zilikuwa hazifungi, moto wa injini ukawa unapasukia ndani ya bomba la moshi. Pa! Kisha pa, pa, pa.

Mwanajeshi aliyekuwa ananyoosha mkono tusimame alijitupa mtaroni. Wenzake wakamfuata. Mashangazi wakamwagika kutoka nyuma kama viazi, wakalala kifudifudi kwenye matope, na wapiga dufu juu yao. Baba mkwe alimvuta Zaina chini ya dashibodi akamlalia. Mimi nilibaki nimeshika usukani, nimeganda, nakanyaga mafuta, na kila nikikanyaga linapiga.

Sauti ikatoka mtaroni. "Wewe! Zima!"

Nikazima. Sajenti akainua kichwa taratibu, nyasi kwenye kofia.

"Iko nini hiyo?"

"Ni gari, afande."

"Gari gani iko napiga risasi?"

"Gari la harusi, afande."

Akaja polepole, bunduki mbele, akaniamuru niwashe aone. Nikawasha. Pa! Harusi nzima ikalala tena, na yeye sajenti akiwa wa kwanza. Shangazi mmoja mpaka leo anasema alisikia mwanajeshi aliyekuwa mtaroni pembeni yake akisoma dua, na wote wawili walikuwa wameshikana mikono.

Nashukuru Mungu hakuna aliyefyatua. Nikiwaza usiku kwamba siku ile ningeweza kuwa nimewaua watu wote niwapendao kwa ajili ya kijiti, natoka kitandani nakaa nje.

Shabani alifungua kifuniko cha injini mbele ya wanajeshi. Vijiti vilikuwa vimepinda kama pini za nywele, kimoja kimechomoka kabisa. Baba mkwe akashuka, kanzu yake ina tope kifuani, akanijia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anashangaa.

"Mwanangu, gari lilikuwa linakwenda kwa kusukumwa lakini kwa heshima. Umelifanya nini?"

"Ulisema liimbe, mzee."

Akanitazama. "Nilikuwa nakutania. Wewe ulidhani nasema kweli?"

Nyuma yake mashangazi walikuwa wanakamua tope kwenye mitandio, wote wananitazama. Zaina naye ananitazama. Nilihisi kwamba nikikubali sasa, nitakuwa ndiye mwanamume aliyekaribia kumwua bibi harusi kwa kutoelewa utani. Mzee angenipa binti yake? Mimi kwa wakati ule niliona wazi hanipi.

Akauliza, "Nani kachagua vyuma hivi?"

Nikasema, "Shabani. Mimi nilimwambia tuweke springi za kawaida, hakunisikia."

Shabani alikuwa amesimama pale pale, mkono bado umeshika kijiti kilichopinda. Suti yangu ilimkaa vizuri sana. Alinitazama, akamtazama Zaina, akakiweka kijiti juu ya injini taratibu. Nilingoja aseme, na naapa kama angesema ningekubali. Hakusema, nikaoa.

Waliotuona pale walieneza habari. Ikawa Kabuga mpaka Gatsata, fundi wa gari linalopiga risasi ni Shabani. Nani tena ampelekee gari? Garaji likafungwa. Siku hizi yuko Masaka ya huku kwetu, karibu na Kabuga, anatengeneza baiskeli chini ya turubai. Niliwahi kwenda huko nikiwa nimejipanga kuomba msamaha. Akanikaribisha, akaniuliza habari za mke wangu, akaendelea kujaza upepo. Nilikaa, nikakohoa, mwisho nikanunua kengele ya baiskeli nikaondoka. Mimi sina baiskeli.

Adhabu yangu mimi ni ya ajabu, mtacheka. Kwa kuwa nilisema "nilimwambia tuweke springi za kawaida", watu wakaamini ninazijua injini. Wakaanza kuniletea springi dukani. Mtu anaingia na springi imefungwa kwenye gazeti, nami naacha suruali ya mteja kwenye cherehani, naiinua kwenye mwanga, naizungusha. "Hii sawa." "Hii hapana." Sijui ninachotazama. Nikijaribu kukataa wanasema mimi ni mnyenyekevu.

Ningeweza kuendelea hivi mpaka nife. Ila sasa baba mkwe amenunua lori la kubeba akina mama wa sokoni na mizigo yao kupitia vilima vya mashariki. Anataka liongezewe nguvu, amepata kamshafti, na amekataa fundi yeyote asimchagulie springi wala vijiti. Anasema mkwe wake ndiye atakayechagua, kwa sababu mkwe wake alikuwa sahihi siku ile wakati fundi hakusikia.

Nimemkwepa kwa kisingizio cha sikukuu, cha mafua, cha sare za shule. Visingizio vimeniishia. Mara mbili nimekwenda Kabuga nikamwambie, nimekula, nimeshukuru, nimerudi. Nikifungua mdomo mbele yake naona ule mkono wa Shabani ukiweka kijiti chini, na najikuta naomba chai nyingine.

Wenzangu mnaosoma, kama hujui kitu, sema sijui, hata kama mchumba wako anakutazama. Ukitaniwa na wakwe, cheka na wenzako. Ukiwekewa masharti na fundi, fuata masharti ya fundi. Na ukikosea, liseme kosa lako pale pale barabarani ukiwa na tope, kwa sababu ukishaoga na kuvaa nguo safi halitoki tena.

Mhariri, nimekuomba ufiche jina, na sasa nikwambie kwa nini nimeandika kwako badala ya kwingine. Baba mkwe macho yamefifia. Kila gazeti lako likifika Kabuga, mke wangu hukaa naye barazani akamsomea ukurasa huu wa maungamo, na mzee huyu anaupenda kuliko habari zote. Mimi huwa nakaa mkekani kando yao, nakunywa chai.

Basi wewe ninayekuita Zaina hapa, ukifika mstari huu usiruke na usinitazame. Maliza kumsomea baba. Akiuliza ni nani huyu mpumbavu, mwonyeshe kwa kidole. Halafu nipeni ufunguo wa lori, twende na baba Masaka kwa Shabani, na safari hii kengele nitairudisha kwanza halafu nitaongea.