Mto Haukuhama

Mpaka leo nikimsikia mtu akisifu setilaiti, roho hunikereka. Watu wa nyumbani hucheka wakadhani nimezeeka na sitaki mambo mapya. Sivyo kabisa. Mambo mapya niliyapenda kuliko mtu yeyote pale Garsen, na ndiyo yaliyoniponza, mimi na shangazi yangu.

Ilikuwa mwaka 1998, baada ya zile mvua za El Niño. Mto Tana ulikuwa umefurika kwa miezi, barabara ya kwenda Malindi imekatika, unga unaletwa kwa helikopta. Maji yalipopungua yaliacha tope lililofika magotini, na mipaka yote ya mashamba ya ukingoni ikazikwa humo. Kwetu mashamba ya mto ni vipande vyembamba. Kila kimoja kinaanzia majini na kupanda juu, na mpaka ni mstari wa migomba au kijifereji ambacho babu ya mtu alikichimba. Katikati ya mashamba hayo, hapa na pale, pana malka, yaani njia ya ng'ombe kufika majini. Kiangazi wafugaji wanaitegemea malka kama uhai wao, na wakulima wanategemea ikae mahali pake. Ikisogea hatua hamsini tu, kuna mtu kapoteza shamba.

Mtu wa kulipoteza alikuwa Shangazi. Alikuwa dada wa baba, mjane, na ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa darasa la pili. Shamba lake lilikuwa kijijini kwetu, juu ya Garsen ukielekea Wenje, limepakana na malka upande mmoja. Upana wake haukufika hatua sitini. Humo alikuwa na migomba, miembe saba, na mpunga kidogo pale chini maji yakikubali. Karo yangu ya shule ilitoka humo, na sare yangu, na viatu nilivyovaa siku ya kwanza kwenda kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa ukarani wa ramani katika mradi mmoja wa kuwasaidia watu wa mafuriko. Mradi ulikuwa na wazo ambalo hata sasa siwezi kuliita baya: kupima upya malka na mashamba, kuchora ramani, kuweka bikoni, yaani vinguzo vya saruji vya kuonyesha mipaka, ili mafuriko mengine yakija watu wasigombane. Nilikabidhiwa kifaa cha GPS, cheusi, cha kushika mkononi. Unakiinua juu, kinatafuta setilaiti zake, kisha kinakupa namba za mahali uliposimama. Nilitembea nacho Garsen nzima kimening'inia shingoni. Watoto walinifuata, nami nikajiona mtu.

Sasa kijijini kulikuwa na namna yao ya kuitafuta malka iliyopotea, na haikuhitaji betri. Mzee mmoja wa wafugaji, Muorma aliyefahamiana na Shangazi tangu ujana wao, alikuwa na ng'ombe jike mkongwe mwenye kengele ya mti shingoni. Mafuriko yakiisha, ng'ombe wa namna hiyo huachiwa huko juu, mwenye kiu, na wakulima na wafugaji hutembea nyuma yake kimya bila kumswaga. Anapoteremkia kunywa, hapo ndipo malka ilipo. Pande zote mbili zinakubali, vijiti vinachomekwa, watu wanarudi makwao.

Siku hiyo nami nilifuata nikiwa na mashine yangu shingoni, nikijizuia kucheka. Ng'ombe alikwenda taratibu, akakizunguka kichuguu ambacho mafuriko hayakukiangusha, akakata kushoto, akateremka na kuanza kunywa. Shangazi akasema, "Hapo hapo." Yule mzee naye akasema hapo hapo. Watu wawili ambao kila mmoja angefaidika kwa kumsogeza mwenzake walikubaliana bila kubishana. Nikainua mashine, nikaandika namba.

Mzee akanitazama. "Ng'ombe hii iko na akili," akasema. "Hiyo kitu yako iko na akili?"

"Hii inaongea na setilaiti, mzee," nikamjibu. Alitikisa kichwa akaenda zake.

Wiki chache baadaye mvua za masika zikaja, mto ukapanda tena kidogo, ukazoa vijiti vyote. Yule ng'ombe akafa kwa maradhi yaliyoua mifugo mingi mwaka ule. Kwa hiyo mahali pa malka pakabaki katika vichwa vya wazee na ndani ya mashine yangu, na ofisini mashine ndiyo iliyoaminiwa. Mkuu wa mradi, mtu wa Nairobi, mpole, mwenye haraka siku zote, alipenda kusema kwamba watu husema kile kinachowafaa, lakini mashine haina shamba.

Tulipoanza kuchora namba zangu juu ya ramani ya zamani, mambo yakawa ya ajabu. Kona moja ya shamba ilitokea katikati ya mto, kwenye viboko. Nyingine ikatokea ng'ambo. Mkuu akatazama, akasema, "Mto umehama." Na hapo ndipo mtu wa kwetu asingeweza kubisha, kwa sababu Tana kweli huhama. Kila mtu aliyezaliwa ukingoni anajua kijiji kilichoachwa na maji, au mkondo wa zamani uliogeuka kuwa ziwa la kambare. Mahali pengine mtu angeishuku mashine. Sisi tuliushuku mto. Nikawa nachora upya ukingo wa mto ili ufuate namba zangu, na nilifanya hivyo kwa bidii, hasira zake ninazo mpaka leo.

Siku moja nilikuwa nimesimama nje ya ofisi nikiijaribu mashine. Nimesimama tu, miguu haijaondoka. Mashine ikaniambia natembea. Ikanionyesha na mwendo, kama wa mtu anayekwenda dukani bila haraka. Namba zikawa zinajongea, zikaenda upande wa posta, zikarudi, zikaenda upande wa msikiti. Nikaizima, nikaiwasha. Bado natembea. Ndipo nikakitafuta kijitabu chake, ambacho hakuna aliyekifungua tangu kitoke kwenye boksi, nikaketi kukisoma huku betri zikiwa juani zirudishe nguvu kidogo.

Haikuwa siri. Hilo ndilo linalonichoma. Ilikuwa imeandikwa waziwazi, ukurasa wa mwanzoni, kwamba setilaiti hizo ni mali ya jeshi la nchi iliyozirusha, na kwamba kwa sera ya serikali ya nchi hiyo raia hupewa mawimbi yaliyoharibiwa kwa makusudi, yanayoweza kukosea kwa mita mia moja. Mawimbi yaliyo sahihi yapo, yanapita juu ya vichwa vyetu wakati huohuo, ila ni ya wanajeshi. Nilisoma mara mbili. Sikujua kama nicheke au nikitupe kijitabu mtoni. Mtu amekaa ofisini huko mbali, amekunja mikono ya shati, ameamua kwamba ulimwengu mzima upewe namba za uongo, kisha ameandika barua ya kuidhinisha na kwenda kula chakula cha mchana.

Nikakumbuka na zile picha. Mwanzoni mradi uliomba picha za mafuriko zilizopigwa kutoka angani, tukaletewa moja ambayo kijiji chetu kilikuwa doa. Tulipouliza kama hakuna zilizo wazi zaidi, tukaambiwa bila shaka zipo, za kuonyesha hata paa la nyumba, lakini hizo ni za majasusi. Kwa hiyo anga lilikuwa limegawanywa kama nyama ya karamu, jeshi na majasusi wameondoka na minofu, raia wameachiwa mchuzi. Na sisi wa mtoni tulikuwa hata mchuzi tunaulamba kwenye sahani ya mwingine. Baba alikuwa akisimulia jinsi, alipokuwa kijana Tarasaa, watu walivyoona moto ukipanda angani kutoka upande wa Ngomeni, roketi za wageni zikirushwa baharini. Walishangilia, alisema. Hakuna aliyeulizwa lolote zaidi ya kushangilia.

Nikampelekea mkuu kijitabu. Akasoma, akakirudisha. "Mita mia ni kitu gani kwenye ramani?" akasema. "Ni upana wa kalamu."

"Kwenye shamba la shangazi yangu ni shamba zima na nusu ya jirani," nikamwambia.

Nilimweleza kwamba tukiiacha mashine mahali pamoja siku nzima na kuchukua wastani wa namba, kosa lingepungua sana. Akaniambia tuna kona nyingi za kupima kabla ya wiki kwisha, na wafadhili wanakuja kuona bikoni. Kisha akaniuliza, kwa upole uleule, kama naona kazi inanishinda. Nikasema haijanishinda. Nikakirudisha kijitabu kwenye boksi.

Siku mbili baadaye kulikuwa na baraza kwenye uwanja wa shule ya kijiji. Bikoni zilikuwa zimepakiwa kwenye trela. Tulikuwa tumeshazunguka asubuhi na mashine, nayo ilituleta moja kwa moja katikati ya migomba ya Shangazi na kusema malka ni hapo. Yule mzee mfugaji alisimama akasema si hapo, ni kule upande wa kichuguu, na ng'ombe wake alionyesha. Mkuu akamjibu kwa heshima kwamba mto umehama. Watu wakanong'ona. Wengi walikubali. Waliona mto ukihama maisha yao yote.

Shangazi akainuka. Hakumtazama mkuu, alinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye mtoto wake na mimi ndiye niliyesomeshwa na migomba ile.

"Mwanangu," akasema, "hiyo mashine haikosei?"

Mkuu alikuwa amesimama pembeni yangu, nasikia anavyopumua. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kazi ya kwanza maishani.

"Haikosei, Shangazi."

Akakaa, akajifunika vizuri kanga yake. "Basi mto umehama," akasema. Alasiri hiyo bikoni zikachimbiwa.

Kiangazi cha mwaka uliofuata ng'ombe walishuka kutoka nyanda za ndani, maelfu, wa wenyeji na wa mbali. Msimu ule wa kwanza mzee alijaribu kuwapitisha wake njia ya zamani, lakini njia hiyo tayari ilikuwa imegawiwa watu wengine kwa ramani yangu, wamelima, wamepanda mahindi. Akaja kwa Shangazi kuomba radhi. "Mimi nafuata saruji," alimwambia. "Nikiacha saruji, polisi inanishika. Unisamehe, dada." Ng'ombe wakapita. Migomba ilikwisha wiki ya kwanza. Miembe minne ilikauka kwa kukanyagwa mizizi na kuchunwa magome. Shangazi alibaki na kipande cha juu, mbali na maji, penye udongo usioshika kitu. Nilikasirika na kila mtu. Niliikasirikia ofisi, polisi, wafadhili, na zaidi ya wote wale watu wa mbali na setilaiti zao. Nilikuwa nikiwalaani hadharani, hotelini, kwa yeyote aliyekaa meza moja nami.

Mwezi wa tano mwaka 2000 nikasikia kwenye redio kwamba rais wa nchi ile ameamuru mawimbi ya raia yasiharibiwe tena. Swichi moja. Tangu siku hiyo mashine ileile, betri zilezile, ikawa inasema kweli. Nilipiga meza mpaka chai ikamwagika. Kumbe ilikuwa jambo la kusema tu "acheni"!

Mradi ulikuwa unafungwa. Niliomba mashine kwa siku moja, nikaenda kijijini. Kichuguu bado kilikuwepo, kwa hiyo sikupotea. Nilisimama pale ng'ombe aliponywa, pembeni ya mahindi ya watu, na mashine ikatulia, namba hazijongei. Kisha nikaenda kwenye bikoni. Kati ya hizo mbili palikuwa na hatua sabini na mbili. Mto ulikuwa palepale.

Shangazi alikuwa kwenye kipande chake cha juu, anapalilia kunde zilizokonda. Nikamweleza yote, kwa kelele na mikono juu: kwamba serikali ya mbali ilikuwa ikiharibu namba makusudi, ili adui zake wasipate shabaha.

"Adui nani?" akauliza. "Mimi?"

"Adui zao, Shangazi. Wa vita."

"Na sasa wameacha."

"Wameacha. Juzi tu."

Akang'oa magugu kidogo. "Kwa hiyo mto haukuhama."

"Haukuhama."

"Na hao watu walijua kwamba inakosea?"

"Walijua! Waliandika wenyewe kwenye kijitabu."

Akaliweka jembe chini. "Na wewe kijitabu ulikisoma lini?"

Ningeweza kusema jana. Ningeweza kusema nilisikia habari hizo kwenye redio tu, na angeniamini, maana aliniamini siku zote.

"Kabla ya baraza," nikasema. "Siku mbili kabla."

Hakunifokea. Laiti angenifokea. Alitazama chini kuelekea mtoni, mahali ilipokuwa migomba, ambapo sasa palikuwa na vumbi na kwato.

"Nilikuuliza, mwanangu," akasema. "Mbele za watu nilikuuliza."

Kisha akaokota jembe lake, akaendelea kupalilia.